Kumwambia Mtu Mzima "Must"

Sasa Saumu, ukiniambia huwezi kumwambia mama mtu mzima "must", wataka nikujibu nini? Kwani mimi nilizaliwa nayo mdomoni? Umesimama pale ngazini umekunja mikono, waniangalia kama nimekutuma ukaibe kuku. "Dada Zuhura, kwetu mtu hamuamrishi mkubwa wake. Hata kwa Kizungu ni kukosa adabu." Haya, nimesikia. Nimekuacha ukaenda zako kwa sababu mashine ya kusaga ilikuwa yanguruma chini na sikutaka tupigizane kelele mbele ya watu na ndoo zao za mahindi. Lakini sijamaliza na wewe. Nimekaa barazani kwetu Mtongwe, alasiri imeshaadhiniwa, nakujibu kwa kalamu, maana kwenye karatasi huwezi kunikunjia mikono.

Na mwengine yeyote atakayefundisha pale baadaye, asome pia. Mimi ndiye Zuhura. Nimefundisha Kiingereza cha kazini Likoni, chumba cha juu ya mashine ya kusaga unga, tangu nimalize fomu foo mpaka leo asubuhi. Wanaokuja ni watu wanaotafuta kazi za hoteli na za kutunza wazee wa kizungu huko Pwani ya Kusini, wengi wao kina mama. Wiki ijayo naenda chuo cha ualimu, bara. Nikisema nimestaafu watu hucheka. Mamangu asema mtu wa miaka ishirini na saba hastaafu, huacha kazi tu kisha akaitafutia jina zuri. Lakini kazi niliyoifanya kila asubuhi miaka yote hii, mpaka koo langu likazeeka kuliko mimi mwenyewe, mimi naiita kustaafu na aliye na neno aje.

Saumu naye alikuwa mwanafunzi wetu. Ana miaka ishirini na mbili, Kiingereza chake ni kisafi kuliko changu (hilo nimelisema mara moja, silirudii), na ndiye niliyemchagua ashike darasa. Mwenye nyumba kashasema: kesho asubuhi atapanda ngazi mwenyewe. Akimkuta mwalimu mpya afundisha, chumba ni chetu. Asipomkuta, kuna fundi wa simu akingojea kukikodi. Kwa hiyo Saumu akibaki kwao na adabu zake, darasa limekwisha, na kina mama wale warudi majumbani. Hilo ndilo tunalobishania. "Must" imeingia tu kama shahidi.

Basi nianze mwanzo, na nitajitahidi nisikimbie, ingawa wanaonijua washaanza kutabasamu.

Aliyeniajiri ni Mwalimu Kazungu. Ni mtu wa Kaloleni, alikaa mapokezi ya hoteli miaka mingi, akaacha akafungua darasa kwa sababu alichoka kuona watu wetu wanaojua kazi vizuri wakikosa kazi kwa kushindwa kuisema. Alikodi chumba kile kwa kuwa kilikuwa rahisi, na kilikuwa rahisi kwa kuwa hakuna mtu mwengine aliyetaka kukaa juu ya mashine ile. Nilienda kuomba kazi ya kufagia na kufungua mlango. Asubuhi ya kwanza nimefika na ufagio wangu, namkuta amesimama mbele ya darasa, afungua mdomo, sauti haitoki. Koo limekufa. Aliniangalia, akaniangalia tena, akanipa chaki.

Nami nilikuwa na alama nzuri ya Kiingereza na domo refu. Nikaingia. Nikaandika ubaoni, nikawageukia wale mama, wengine marika ya mamangu, nikawanyooshea kidole: "You must do this at home! All of you!" Mama mmoja akakusanya buibui lake, akainuka.

"Huyu si mtoto wa Mwanaisha wa Mtongwe?"

"Ndiye," wenzake wakamjibu.

"Aniambia mimi must?"

Akatoka. Nafika nyumbani, habari imenitangulia, na Mama amekaa mlangoni ana hamu ya kusikia hiyo "must" ikoje. Saumu, sikwambii alichonifanya, lakini siku ya pili nilifundisha nikiwa nimesimama, na si kwa bidii ya kazi.

Kwa hiyo usinifundishe mimi adabu za kwetu. Nimezilipia.

Mwalimu Kazungu alikuwa na mtindo wake, na huu ndio urithi ninaokuachia, uko kwenye gunia nyuma ya mlango. Alikuwa akisema mtu akienda kazini ahitaji Kiingereza cha mambo matatu: kumlazimisha mwenzake, kumshauri, na kusema jambo asilolijua kwa hakika. Mengine atayaokota njiani. Basi akaleta kofia kuukuu ya soja wa getini, leso, na mwavuli wenye kijiti kimoja kilichovunjika. Ukivaa kofia, wasema "must" na "have to". Ukijitanda leso, wasema "should", sauti ya mama ampaye mwanawe nasaha. Ukishika mwavuli, wasema "might" na "could", kwa sababu hujui, waona mawingu tu. Alikuwa haelezi zaidi ya hapo. Alikupa kitu, akakupa hadithi, ukasema. "Mgeni ataka kuacha pasipoti mezani." Wavaa kofia. "Mgeni ataka kutembea juani saa saba mchana." Waokota leso. "Mgeni auliza kama kesho kutakuwa na umeme." Hapo darasa zima lilikuwa likigombea mwavuli.

Mwavuli ndio waliopenda kuliko vyote. Kwetu mtu hasemi jambo litakuwa, akanyamaza hapo. Mwalimu Kazungu aliuliza siku moja, "Will the taxi come at eight?" Chumba kizima kikajibu, "Inshallah!" Yeye ni mzee wa kanisa, akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Inshallah yenu siigusi, iko mahali pake. Lakini mgeni ataka kujua, sanduku alishushe ama aliache juu?" Ndipo wakajifunza kupima: "It should be here at eight." Kisha, "It might be late." Halafu gari lisipofika kabisa, "It must be the ferry." Hiyo ya mwisho, enyi wenzangu wapya, ifundisheni kwa moyo mkunjufu. Kwa mtu wa Likoni haijawahi kukosea.

Waliiba mwavuli wakaenda nao majumbani. Bi mmoja alituambia mumewe akimuuliza kama chakula ki tayari, amjibu "It might." Mume haulizi tena, aingia jikoni mwenyewe akaangalie. Mwalimu akasema hayo ndiyo mafanikio makubwa ya darasa tangu lianze.

Leso nayo ina hatari yake. Tulikuwa na kijana, Rama, mpole, mtanashati, wa kazi ya kuhudumu mezani. Alikutana mahali fulani na "had better", akaona ina "better" ndani, akaamua hiyo ndiyo "should" iliyovaa suti. Siku ya majaribio hotelini akamwinamia mgeni kwa heshima zote: "Sir, you had better eat our fish." Mgeni akaweka uma chini, akauliza kuku wana shida gani. Rama akarudi kwetu analia na kucheka pamoja. Kazi alipata, mgeni alimpenda. Lakini tangu siku hiyo namfundisha kila anayekuja: ukisema hivyo, mtu huangalia nyuma kama kuna mtu amebeba rungu.

Mambo madogo madogo ya kazi, nisije nikasahau. Mashine ya chini husimama wakati wa swala na stima ikipotea. Stima ikipotea usiwaruhusu waende nyumbani, hiyo ndiyo siku ya matamshi, mtasikizana. Siku nyingine zote mtapiga kelele, na ubaya wake ni kwamba wanafunzi wetu wamezoea Kiingereza cha kupiga kelele. Meneja mmoja alituuliza kwa nini watu wetu wote hujibu intavyu kama wanamwita mtu aliye ng'ambo. Kwa hiyo wiki ya mwisho wapeleke nje, waongee wawili wawili ukutani, polepole. Chaki ifunikeni, unga hupanda kutoka chini na hamtajua kipi ni kipi. Viti vya plastiki vile vyekundu msiwape watu wazito. Kile cha kijani kinajiweza.

Sasa nije kwa Bi Mwanakombo, kwa sababu Saumu, ulichoniambia ngazini, yeye alikisema kabla yako, na alikuwa na haki zaidi.

Bi Mwanakombo ni mtu wa hapa hapa Likoni, mjane, wakati ule akiuza viazi vya karai mbele ya nyumba yao. Alipata kazi ya majaribio ya kumtunza bibi mmoja wa kizungu mwenye nyumba ufuoni. Bibi ana miaka themanini na kitu, magoti hayamtii, na daktari kamkataza kushuka ngazi za kwendea baharini bila ya mtu wa kumshika. Mwanawe yuko ng'ambo, ndiye aliyemwajiri Bi Mwanakombo kwa simu. Wiki ya kwanza haikwisha, mwana yule akampigia Mwalimu Kazungu: mama huyu ni mzuri, mpishi hodari, lakini hajui kukataa. Atampa wiki moja zaidi, asipobadilika atatafuta mwengine.

Bi Mwanakombo akaja darasani, ameketi kwenye kiti cha kijani, mkoba magotini.

"Kulikwenda vipi?" Mwalimu Kazungu akamuuliza.

"Aliniuliza, can I go down to swim? Nikamwambia, yes, madam."

"Na wajua daktari kamkataza?"

"Nayajua yote. Yako ukutani, yamebandikwa."

"Sasa?"

"Sasa mimi nimkataze mtu yule? Ni mkubwa kuliko mamangu, Mungu amrehemu. Nikamfuata na viatu vyake mkononi. Akaingia majini, nami nikaingia na nguo zangu. Tulirowa sote wawili, lakini hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima."

Mimi sikuweza kungoja. Nilichukua kofia ya soja, nikamvika juu ya mtandio wake. "Bi Mwanakombo, sema: You must not go."

Akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani: "You must not go. Shikamoo."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikamwambia hebu tena, bila shikamoo. Akavuta pumzi. "You must not go, madam. Samahani. Lakini ukitaka, nenda."

Nikamrudisha mara nyingi mpaka jasho likamtoka, na kila mara "must" yake ilitoka ikiwa imevaa kanzu, imejipaka udi, na imeshika mlango ikikukaribisha upite. Alivua kofia akaniwekea mezani. "Mwanangu, acha nirudi kwenye viazi vyangu. Viazi havinizidi umri."

Hapo ndipo Mwalimu Kazungu aliposogeza kiti. Hakuangalia ubao wala kofia. Akamuuliza kama mtu anayepiga gumzo, "Marehemu babako, alipougua, alikuwa akikubali dawa?"

"Thubutu! Akikataa kama mtoto."

"Nawe ulimwambiaje?"

"Mimi? Mimi nimwambie babangu? Namtuma mtoto. Nenda kamwambie babu, mama asema daktari asema anywe dawa."

"Na akinywa?"

"Akimkasirikia daktari, akinywa."

Mwalimu akageuka, akaandika ubaoni: "The doctor says you must." Chini yake: "Your son says you have to." Akasema, "Bi Mwanakombo, sitaki uamrishe mtu. Tumwa. Wewe ni yule mtoto, wapeleka maneno."

Nilimwona uso ukifunguka. Kutumwa! Kitu gani kwetu rahisi kuliko kutumwa? Sisi sote tumekua tukibeba amri za watu wakubwa kupelekea watu wakubwa zaidi, mama kwa babu, shangazi kwa jirani, na hakuna aliyewahi kumpiga mtoto kwa maneno aliyotumwa. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu asubuhi nzima nikimfundisha kuwa soja, na yeye maisha yake yote ni mjumbe.

Akarudi kazini. Siku ya kwanza alimtumia daktari. "The doctor says you must hold my hand." Bibi akashika mkono. Siku ya pili mwana. "Your son says you have to eat." Bibi akala, akamtukana mwanawe kidogo. Siku ya tatu bibi akashtuka, maana ni mzee tu, si mjinga. Wamesimama juu ya ngazi, maji ya bamvua yamejaa mpaka yagonga daraja za chini za ngazi, na bibi amevaa nguo ya kuogelea. "Which doctor? Call him. I want to hear him." Simu haina mtandao. Mwana yuko usingizini huko kwao. Bi Mwanakombo aliangalia huku na huku atafute mkubwa mwengine wa kumtuma, haoni mtu. Akaangalia mbele. Akasema:

"Madam, the sea says you must wait."

Bibi akageukia bahari. Akayaangalia maji. Halafu akacheka, akacheka, akavua miwani akaifuta, akaketi pale pale kwenye daraja ya juu, akamwambia Bi Mwanakombo aketi pia. Wakangoja maji yashuke, wakila embe mbichi na chumvi. Mpaka leo Bi Mwanakombo yuko pale. Bibi akiulizwa na wageni mbona hashuki, hujibu kwamba bahari bado haijasema.

Nami nikajifunza. Darasani nikaacha kidole, nikaanza kutumwa. "Mama zangu, ubao wasema we must finish this today." Na wao wanajibu ipasavyo: "Mwambie ubao nina mgonjwa nyumbani." "Mwambie ubao tumesikia, lakini kuna harusi." Nikawa naugeukia ubao, nawapelekea maneno yao, kisha nawarudishia jibu. Mwalimu Kazungu alipoondoka kurudi kwao Kaloleni akafuge mbuzi, aliniachia gunia na akaniambia neno moja tu: "Zuhura, uko na haraka. Mungu akusaidie." Sikulizingatia. Nilikuwa na haraka.

Nije leo asubuhi, ulipokuja kufundisha ukijaribiwa.

Saumu, ulivyoingia ulinipendeza. Shikamoo kwa kila mmoja, ukapita viti vyote, ukaulizia wagonjwa. Bi Mwanakombo alikuwa mapumzikoni, kaja kutusalimia, kakaa mbele kabisa. Ukasema hadithi yako: mzee amelazwa, ataka kushuka kitandani, sakafu imeroa. Ukachukua kofia. Ukamwangalia Bi Mwanakombo. Ukafungua mdomo.

Nikangoja. Wallahi nilingoja. Lakini kimya kile kilikuwa kirefu, nami nikiona kimya darasani ni kama naona maziwa yanachemka yataka kumwagika. Nikainuka nikasema sentensi yako. Ukanishukuru. Ukaanza nyingine. Ukafungua mdomo, nikainuka tena. Mara ya tatu ulikuwa hata hujaufungua sawasawa. Ukaweka chaki mezani, ukasema, "Niwieni radhi, mama zangu," ukatoka, nami nikakufuata ngazini, tukasemezana yale tuliyosemezana.

Ambalo hulijui ni hili. Nilipanda juu nimenuna, tayari kuwaambia kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Bi Mwanakombo akaniita kabla sijafika ubaoni.

"Zuhura, njoo hapa."

"Abee."

"Kaa."

Nikabaki nimesimama. "Bi Mwanakombo, mimi nilitaka kumsaidia tu. Asema hawezi kuwaambia nyinyi must."

"Awezee wapi? Mtoto wa watu yuwafungua kinywa, wewe ushamaliza sentensi, ushaifuta na ubao. Hicho chumba ushakijaza wewe, yeye asimame wapi?"

"Lakini alinyamaza sana!"

"Alikuwa yuwatafuta. Mimi nilitafuta juu ya ngazi na bibi wa watu amevaa chupi ya kuogelea, na hakuna aliyenikatiza, ndiyo maana nilipata." Kisha akaninyooshea kidole, kile kile nilichoanza nacho kazi, na akaniambia kwa Kiingereza cha wazi, cha juu ya mashine: "Zuhura, you should sit down."

Kina mama walipiga makofi. Nikakaa. Nilikaa kwenye kiti chekundu, ambacho kama nilivyosema hakijiwezi, na kikanionyesha hakijiwezi. Nilikuwa chini, miguu juu, unga umenijaa mgongoni, na darasa langu la miaka yote hii lilikuwa likilia kwa kicheko mpaka mwenye mashine akapanda kuuliza kama kuna harusi.

Halafu wakafanya mkutano bila mimi. Nilikuwa hapo hapo, lakini bila mimi. Wakaamua watakutumia ujumbe wa sauti kwenye grupu, na Bi Mwanakombo ndiye atakayetumwa. Najua umeusikia, lakini nauandika kwa ajili ya watakaokuja, kwa sababu nimeusikiza mara nyingi tangu adhuhuri, na kila mara nacheka upya:

"Saumu, my daughter. This is Bi Mwanakombo. How are you? How is your mother? How is your grandmother? How is the leg of your grandmother? Good. The class says you must come tomorrow. You should drink tea first. We might make noise, but you should not fear. The owner of the house might come early. You can be slow. We are not going anywhere." Kisha sauti yake, pembeni: "Nimesema sawa?" Na wote, juu ya ngurumo ya mashine: "Sawa! Sawa! Bonyeza!"

Vyote vitatu, Saumu. Kofia, leso na mwavuli, kwa mpigo mmoja, hakuna aliyemshikisha kitu. Na akaweka na mguu wa nyanyako.

Ulijibu baada ya kitambo. Neno moja: "Might." Hukujua kwamba kina mama walikuwa bado hawajatoka, wote wameizunguka simu moja. Vigelegele! Mama mmoja akasema msichana huyu afaa, ashatujibu kwa lugha ya darasa. Mwengine akasema kwa mtu wa kwetu "might" ni nusu ya ndiyo. Bi Mwanakombo akasema ni robo tatu, kwa sababu kama ni hapana angeandika refu akaomba radhi.

Mimi kila nikiiangalia "Might" hiyo mkono wanienda kwenye simu. Nataka kukupigia nikuulize kama ni robo tatu. Nataka kuja kwenu usiku huu huu nikuandikie sentensi za kesho. Nataka kufika darasani kabla yako, nipange viti, nisimame nyuma ya mlango mwenye nyumba akipanda, na ukinyamaza, nikupe neno moja tu, dogo, kwa sauti ya chini. Najijua. Nitakupa yote.

Kwa hiyo ufunguo nimempelekea mwenye mashine, uko kwake, ukauchukue. Hutanikuta. Kesho asubuhi, saa ile ile ya darasa, nitapanda feri nikanunue godoro la chuo ng'ambo ya pili, mjini, nitapiga bei duka baada ya duka, polepole, na simu nitamwachia Mama hapa nyumbani, nimemwambia asinipe hata nikirudi nalia, mpaka adhuhuri iadhiniwe.